MASHAURI YA BIASHARA: Mwenye Duka na Ajikague Mwenyewe

Ni nadra kuona soko katika nchi ya Kenya lisilo na duka lililofungwa. Rangi ya mlango ingali mpya, na jina la mwenyewe lingali limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, lakini kufuli imekwisha kushika kutu. Wapitao njia huulizana, "Huyu naye alipatwa na nini?" na majibu huwa mengi. Mmoja husema kuwa watu wa soko lile wana choyo, hawapendi kununua kwa mwenzao. Wa pili husema kuwa jirani alimwonea wivu akamfanyia uchawi. Wa tatu husema kuwa Serikali haikumpa mkopo. Ni mara chache mtu asemapo, "Mwenyewe hakujua kama alikuwa akipata au akipoteza," na mara nyingi hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Jambo hili si geni. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wengi walirudi makwao na fedha zao za kuagana na jeshi, na wengi wakazitia katika maduka. Maduka mengi yakasimama mahali pamoja, kila moja likiuza chumvi, sukari, sabuni na viberiti kama jirani yake. Haukupita muda mrefu mengi yakafungwa. Wenyewe hawakuwa wavivu wala waoga. Walikuwa watu waliokwisha kuona nchi za mbali na hatari nyingi. Kilichowapungukia wengi wao ni desturi ya kuhesabu na kujiuliza.

Hata katika miaka ya karibu mambo hayakubadilika sana. Shirika la Taifa la Takwimu lilipotoa habari za uchunguzi wake mwaka 2016, lilisema kuwa nchi ilikuwa na biashara ndogo na za kadiri zipatazo milioni 7.4. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa katika muda wa miaka mitano iliyotangulia, biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wenyewe ni kupungukiwa na fedha za kuendeshea kazi. Msomaji na alitafakari neno hilo. Kila duka huanza likiwa na fedha, nyingi au chache. Basi zile za kwanza zilikwenda wapi?

Swali hili si la mchezo, kwa sababu nyuma ya kila mlango uliofungwa mna nyumba ya watu. Yuko mkulima aliyetia dukani malipo yake yote ya mwisho wa mwaka ya chai. Yuko karani aliyekopa, na sasa mshahara wake hukatwa kila mwezi kwa ajili ya duka ambalo halipo tena. Yuko mama aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili anunue rafu na mizani. Duka likifa, ng'ombe harudi, na mtoto aliyekuwa kidato cha pili hukaa nyumbani akingoja karo.

WATU WAWILI KATIKA MLANGO MMOJA

Shina la matata ni kuwa mwenye duka hudhani kwamba yeye na duka lake ni kitu kimoja. Fedha zilizomo katika droo huziita zake, na sukari iliyo katika rafu huiita yake. Kwa sheria huenda asema kweli. Kwa biashara amekosea. Yampasa afahamu kuwa wao ni wawili. Duka lina fedha zake, madeni yake na mahitaji yake. Mwenyewe naye ana nyumba yake, jamaa zake na tumbo lake. Akiwachanganya wawili hawa hawezi kujua ni yupi anayemla mwenziwe.

Msomaji na atazame mfano huu, uliofanywa kwa hesabu nyepesi ili kila mtu aweze kuufuata. Mwenye duka wa kijijini huuza vitu vya shilingi 3,000 kwa siku, naye hufungua siku 26 kwa mwezi. Mauzo yake, pamoja na yale ya deni, ni shilingi 78,000. Vitu hivyo alivinunua katika duka la jumla kwa shilingi 64,000. Basi amebakiwa na shilingi 14,000. Kodi ya chumba ni 3,000, umeme ni 500, kubeba mizigo kutoka mjini ni 1,500, na leseni ya mwaka ikigawanywa kwa miezi ni 500. Jumla ya gharama ni shilingi 5,500. Zimesalia shilingi 8,500.

Mpaka hapo mtu huyu ni mfanya biashara mwema. Lakini kila siku unga, mafuta ya kupikia na sabuni hutoka dukani kwenda nyumbani, na kwa mwezi mzima vitu hivyo ni vya shilingi 4,000 kwa bei aliyonunulia. Kila siku yeye huchukua shilingi 100 kutoka droo, leo kwa chai, kesho kwa nauli, keshokutwa kwa mchango wa mazishi. Hizo ni shilingi 2,600. Katika zile 8,500 zimesalia 1,900 tu. Tena, katika vitu alivyotoa kwa deni mwezi huo, vya shilingi 3,000 havikulipwa, wala havitalipwa. Mwisho wa hesabu si faida tena, bali ni upungufu wa shilingi 1,100.

Mtu huyu haoni hasara yake, kwa sababu fedha zapita mikononi mwake kila siku. Amezishika shilingi elfu sabini na zaidi. Atawezaje kujiona maskini? Upungufu wake umejificha katika rafu. Mwezi huu hakuweza kurudisha katoni moja ya sabuni, mwezi ujao atapunguza mifuko ya unga. Kwa mwaka mmoja duka limepungua kwa shilingi 13,200. Ikiwa alianza na bidhaa za shilingi 50,000, baada ya miaka miwili zaidi ya nusu yake imekwisha. Hapo ndipo wanunuzi waanzapo kusema, "Pale siku hizi hapana kitu," wakaenda kwingine, na mwenyewe akaanza kumtafuta mchawi.

NGUVU YA KUULIZWA

Huenda mtu akasema, "Mambo haya ni ya watu waliosomea hesabu." Sivyo. Yahitaji daftari moja, kalamu moja na saa moja kwa juma. Kuna ushahidi kwamba swali peke yake, likiulizwa kwa siku yake, humfaa mfanya biashara.

Wataalamu watatu wa uchumi, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, walichunguza biashara ndogo katika sehemu za magharibi ya Kenya, na habari zao zikachapishwa mwaka 2014. Walitazama jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni chenji. Mnunuzi huja na noti kubwa, mwenye duka hana fedha ndogo za kumrudishia, naye mnunuzi huenda zake. Au mwenyewe huliacha duka akazunguka kwa majirani akitafuta chenji, na wanunuzi wengine wakija wasimwone. Wataalamu hao walikadiria kuwa hasara ya jambo hilo peke yake ilikuwa kama asilimia 5 mpaka 8 ya faida ya biashara hizo.

La kustaajabisha zaidi ni lile lililofuata. Baadhi ya wafanya biashara waliendewa kila juma wakaulizwa maswali tu: chenji iliwaishia mara ngapi, na walikosa mauzo mangapi kwa ajili hiyo. Wengine walielezwa wazi kiasi cha hasara yao. Hata wale walioulizwa tu, pasipo kupewa fedha wala mafundisho, walianza kuweka chenji ya kutosha, na katika makundi yote mawili mauzo yaliyokuwa yakipotea yalipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Watu hawa walijua tangu zamani kwamba duka huhitaji chenji. Ila hawakuwa wamekaa chini na kulitazama jambo hilo kwa macho yao wenyewe.

Basi, ikiwa swali la mgeni laweza kufanya kazi hiyo, mwenye duka hana haja ya kungoja mgeni. Na achague siku moja, mathalan Jumamosi jioni baada ya kufunga mlango, aketi na daftari lake, na mkewe au mumewe karibu naye ikiwezekana, ajiulize maswali sita na kuandika majibu yake.

MASWALI SITA YA JUMAMOSI

Swali la kwanza: Fedha za duka zililala wapi juma hili? Jibu jema ni mahali pake penyewe, mbali na fedha za nyumbani. Hapo zamani palitosha mikebe miwili. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha nyingi hupita katika simu, na hatari mpya imekuja pamoja na manufaa, kwa kuwa malipo ya wanunuzi, mchango wa harusi na karo ya mtoto huingia na kutoka mahali pamoja. Yafaa duka liwe na nambari yake ya kupokelea malipo, na mwenyewe awe na yake.

Faida ya kutenga fedha imekwisha kuonekana katika soko la Bumala, karibu na Busia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliandika mwaka 2013 habari za wanawake wa sokoni waliopewa nafasi ya kufungua akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti hiyo haikuwapa riba hata senti, nayo ilitoza ada kila walipotoa fedha. Hata hivyo wanawake wale waliongeza fedha walizotia katika biashara zao kwa kadiri ya asilimia 38 mpaka 56 kuliko wenzao wasioipata. Fedha iliyo mbali na mkono haiitwi na kila haja ipitayo.

Swali la pili: Je, mwenyewe alilipwa nini? Mwenye duka ni mtumishi wa duka lake, na mtumishi hustahili mshahara. Na ajipangie kiasi ambacho duka laweza kukilipa, akitoe siku moja kwa juma, akiandike. Unga na sabuni zinazokwenda nyumbani na zinunuliwe kwa mshahara huo, au ziandikwe na kukatwa ndani yake. Katika mfano uliotangulia, mtu yule alikuwa akijilipa shilingi 6,600 kwa mwezi naye hajui. Angalijua, angaliona kuwa kulipunguza jambo hilo kwa shilingi 1,500 tu kungaliligeuza duka lake kutoka katika kupungua hata kukua.

Mshahara huu una faida nyingine ambayo wengi hawaifikiri. Ndugu aja na shida ya kweli, na mwenye duka aona haya kumnyima. Akimpa kutoka droo, amelitoa duka sadaka. Akimpa kutoka mshahara wake, amefanya ukarimu wa mtu mwungwana, na kesho duka litafunguliwa kama kawaida. Aweza kusema bila haya, "Shemeji, fedha hizi ni za duka, nami nina haki ya mshahara tu, pokea sehemu yangu hii." Hapana atakayemwita mchoyo mtu agawaye kilicho chake.

Swali la tatu: Ni nani wanaodaiwa na duka, na kiasi gani? Madukani hubandikwa karatasi zisemazo kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, lakini karatasi haikuzuia deni hata siku moja. Wala si haki kusema kuwa deni lote ni baya. Mkulima wa maziwa hulipwa na chama chake mara moja kwa mwezi, na katikati ya mwezi watoto wake wahitaji chumvi. Mwenye duka akimnyima, atampoteza mnunuzi mwaminifu. Ubaya uko katika deni lisiloandikwa na lisilo na mpaka. Mtoto aja mbio jioni, "Mama, baba amesema nipe nusu kilo ya sukari, atakuja kulipa," na hapana anayeandika. Mwisho wa mwezi baba akumbuka mara mbili, na mama akumbuka mara tano, na ujirani umeharibika kwa ajili ya sukari.

Kwa hiyo na iandikwe tarehe, kitu, bei na jina, na mdaiwa aonyeshwe. Tena mwenye duka na aweke mpaka wa madeni yote kwa jumla. Kama bidhaa zake ni za shilingi 50,000, na aamue mathalan kuwa madeni ya nje hayatapita 5,000. Yakifika hapo, hapana mkopo mpya mpaka wa zamani amelipa. Mpaka huo ukiandikwa ukutani, sheria ndiyo itakayokataa, si yeye.

Swali la nne: Ni wanunuzi wangapi waliondoka mikono mitupu, na kwa nini? Wengine waliondoka kwa kukosa chenji, kama ilivyoelezwa. Wengine walitaka kitu ambacho hakikuwapo. Wengine walikuta mlango umefungwa. Kila mara na iandikwe alama moja katika ukurasa wa nyuma wa daftari, pamoja na jina la kitu kilichotakiwa. Baada ya majuma manne ukurasa huo utakuwa mshauri mwema kuliko rafiki ye yote, maana utaonyesha vitu ambavyo watu wamekwisha kuja kuvinunua na fedha mkononi.

Swali la tano: Ni bidhaa gani zilizolala? Kila kitu kilicho katika rafu ni fedha iliyobadili sura. Kitu kisichouzwa kwa miezi mitatu ni fedha zilizofungwa kamba. Mwenye duka na apapase vumbi kwa kidole. Penye vumbi nyingi ndipo fedha zake zilipolala. Vitu hivyo na aviuze kwa bei aliyonunulia, au hata chini yake kidogo, ili fedha zirudi kazini. Tena ajiulize kama vitu vyake vyote ni vile vile vya jirani. Maduka matano yakiuza sabuni moja kwa bei moja, yanagawana wanunuzi tu. Atakayeongeza misumari, mbegu za mboga, madaftari ya shule au dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kadiri ya mahitaji ya mahali pale, atapata wanunuzi asiogombania na mtu.

Swali la sita: Mwenyewe alikuwaje? Hili ndilo gumu, maana nyani haoni kundule. Je, mlango ulifunguliwa kwa saa yake kila siku, au ulingoja mpaka jua lilipopanda? Je, mizani ilikuwa ya haki? Je, mtoto mdogo aliyetumwa na shilingi ishirini alihudumiwa kwa zamu yake, au aliachwa mpaka watu wazima walipokwisha? Je, kaunta ilikuwa safi? Je, jioni ziliishia dukani au katika kilabu cha pombe? Kwa swali hili mtu asitegemee macho yake peke yake. Na amwulize mkewe, au mnunuzi wa zamani asiyeonekana siku hizi: "Ndugu, mbona wanipita?" Jibu litauma, lakini ni bure, na mashauri ya bure yenye ukweli ni machache.

HESABU YA MWISHO WA MWEZI

Maswali sita ni ya kila juma. Mara moja kwa mwezi yapasa kazi moja zaidi, nayo ni kuhesabu bidhaa zote zilizomo dukani kwa bei ya kununulia. Fra Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha kitabu chake cha hesabu huko Venice mwaka 1494, alimtaka mfanya biashara aanze kwa kuandika orodha ya vitu vyote alivyo navyo na madeni yake yote. Zaidi ya miaka mia tano imepita, na shauri hilo lingali kweli.

Njia yake ni nyepesi. Mwenye duka achukue thamani ya bidhaa alizokuwa nazo mwanzo wa mwezi, aongeze alizonunua, kisha aondoe zilizosalia mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni gharama ya bidhaa zilizotoka. Akiondoa gharama hiyo katika mauzo yake, kisha akaondoa kodi, umeme, uchukuzi na leseni, ataiona faida yake au hasara yake uso kwa uso. Kisha na ajumlishe bidhaa, fedha za duka na madeni ya kulipwa, aondoe yale ambayo duka lenyewe hudaiwa na wenye maduka ya jumla. Jumla hiyo ikizidi ya mwezi uliopita, duka limekua. Ikipungua, duka limeliwa, na daftari litasema na nani.

Sheria nayo yahitaji daftari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 kwa biashara ambazo mauzo yake kwa mwaka huzidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25. Msomaji na aangalie kuwa kodi ya namna hiyo hutozwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Asiyejua mauzo yake hawezi kujua kama anapaswa kuilipa, na asiyejua faida yake hawezi kujua kama atabakiwa na kitu baada ya kuilipa.

MWENYE DUKA ASIYEKAA DUKANI

Wako wenye maduka wengine ambao kazi yao kubwa iko mahali pengine. Tangu taarifa ya Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971, Serikali ilipokubali watumishi wake wafanye biashara zao, makarani wengi wamekuwa na maduka vijijini, na mdogo wao au mpwa wao ndiye asimamaye kaunta. Vivyo hivyo mkulima mwenye shamba kubwa humwachia mwanawe duka.

Watu hawa huwa na kosa moja: huja mwisho wa mwezi, hufungua droo, huchukua fedha zilizomo, hurudi zao. Kisha humlaumu kijana kuwa ni mwizi. Huenda ni mwizi kweli. Lakini kijana asiyelipwa mshahara hujilipa mwenyewe, na kiasi chake hukipanga yeye. Mwenye duka wa namna hii na ajiulize kwanza kama kijana ana mshahara wa kujulikana, kama ameonyeshwa jinsi ya kuandika, na kama hesabu ya bidhaa hufanywa na wote wawili pamoja, kila mmoja akiona. Hesabu ya pamoja humlinda tajiri na hasara, na humlinda kijana na lawama isiyo haki. Ndugu wengi wametengana kwa sababu ya duka, hali ukurasa mmoja wa daftari ungaliweza kuwapatanisha.

KOSA MOJA KWA JUMA MOJA

Mtu ajikaguaye mara ya kwanza huona makosa kumi, akaogopa, akalifunga daftari asilifungue tena. Hiyo si njia. Katika makosa yote na achague moja lililo kubwa, aandike atakalolifanya juma lijalo, na Jumamosi ifuatayo ajiulize kama alilifanya. Juma hili na atenge fedha. Juma lijalo na aandike madeni. La tatu na aweke chenji ya asubuhi kabla ya kufungua mlango. Kwa mwaka mmoja yako majuma 52. Mtu aliyerekebisha hata makosa 10 tu katika hayo atakuwa mfanya biashara mwingine.

Na azidi kuangalia asiandike uwongo. Mtu aweza kumdanganya mtoza kodi kwa muda, aweza kumdanganya jirani kwa rangi mpya ya mlango, lakini daftari lenye uwongo humdanganya mwenyewe tu, tena kwa mali yake mwenyewe. Ikiwa juma lilikuwa baya, na iandikwe kuwa lilikuwa baya. Hasara iliyoonekana mwezi wa pili yaweza kutibiwa kwa kupunguza mshahara au kwa kukusanya madeni. Hasara iliyofichwa mpaka mwaka wa pili hutibiwa kwa kuuza ng'ombe.

Wazee wa pwani walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ya daftari ni ndogo kuliko kilo moja ya sukari, na Jumamosi haiko mbali.